Nani Alifunga Mirongo

Habari hii nilipewa na Mama Princess, mke wa Sajini Odera, tukiwa tumekaa juu ya mizigo yetu pale Kamanga, mwaka uliofuata ule wa mvua za Elinino. Ziwa lilikuwa limechafuka na kivuko hakivuki. Watu wakikaa pamoja siku nzima wakitazama maji, mwisho mmoja wao husema lile ambalo nyumbani asingelisema. Mama Princess hakuanzia mwanzo. Alianzia siku ambayo mumewe alikuwa amekwisha kumpata mwuaji na mji mzima umeridhika. Nami naanzia hapo hapo.

Mwuaji mwenyewe alikuwa Chenge, mnunuzi wa mabondo ya sangara, vile vibofu vya tumboni vinavyouzwa ng'ambo, mtu aliyenenepa tangu biashara ziachiwe huru. Alikuwa amejenga ukuta wa mawe kandokando ya mto Mirongo, mwisho wa Mtaa wa Matete, akaula mto hadi ukabaki mwembamba kama mfereji. Mvua kubwa ilipokuja alfajiri moja, maji yaligonga ukuta ule yakarudi kwa watu. Nyumba zililala chini, vyoo vilifumuka, unga na madaftari ya watoto vikageuka uji. Bibi Bernadeta, mjane wa Kikerewe aliyekaa peke yake nyumba ya kwanza upande wa juu wa mto, akafa.

Odera ndiye aliyemtoa majini. Alikuwa doria. Alimkuta amening'inia kwenye nondo za geti la Chenge, akambeba mgongoni, na kabla hawajafika kwenye mkokoteni wa kumpeleka hospitali, kikongwe yule asiye na jino alimnong'oneza sikioni. Kisha akanyamaza moja kwa moja. Neno lile Odera aliliandika kwenye maelezo yake, na kwa neno lile Chenge akawekwa ndani. Asubuhi ya kuamkia siku hii ninayoanzia alikuwa bado ndani, na kesho yake alikuwa apelekwe mahakamani kwa kuua bila kukusudia. Nguzo ya kesi ilikuwa neno la marehemu, na sikio lililolisikia lilikuwa moja tu.

“Soma tena,” alisema Afande Maige, mkuu wa upelelezi, huku akichovya andazi kwenye chai.

“Wamefunga Mirongo,” Odera akasoma.

“Wamefunga Milongo.” Maige alikuwa Msukuma, na R mdomoni mwake haikukaa siku zote. “Nzuri. Fupi. Hakimu ataielewa.”

“Kuna kitu kinanisumbua, afande. Alisema ‘wame’. Chenge ni mmoja.”

“Kwani ule ukuta aliujenga peke yake? Chenge na mafundi wake. Wame. Ninyi Wajaluo mmeanza lini kutufundisha Kiswahili?”

“Na ufunguo.”

“Ufunguo gani?”

Odera aliufungua mfuko wa vitu vya marehemu. Rozari, buti za mpira, khanga mbili. Kwenye pindo la khanga moja kulikuwa na fundo, na ndani ya fundo ufunguo mdogo wa kufuli.

“Bibi kizee ana ufunguo,” Maige alisema. “Mkamate. Sikiliza, Odera. Mtoto wa mdogo wake amefika kutoka Ukerewe, mazishi yamempita, yuko hapo nje tangu saa moja. Mpe vitu vyake, mpeleke akaone nyumba, atie dole gumba, tufunge jalada. Wewe umekesha. Ukitoka hapo nenda kalale.”

Odera hakwenda nje. Alipitia mahabusu kwanza.

Chenge alikuwa amekalia ndala moja, ya pili ameifanya mto wa kuegemea. Tumbo lilikuwa limeanza kupungua.

“Leo umekuja kunisikia au kunisikiliza?” aliuliza.

“Sema.”

“Ukuta ni wangu, sikatai. Kibali sina. Siku hizi za ruksa nani ana kibali? Maji yalifika kwangu yakarudi kwa watu, hilo pia sikatai, nimelala nalo humu na halilaliki. Lakini yule bibi hakuja kwangu akielea.”

“Umejuaje?”

“Mbwa. Mbwa wangu hawabwekei maji, wanabwekea mtu. Walibweka, kisha nikasikia geti linagongwa. Ngo, ngo, ngo. Maji hayagongi, Sajini. Maji yanasukuma.”

“Uwani kwako palikuwa na maji wakati huo?”

“Palikuwa pakavu. Yalikuja baadaye, kwa mkupuo.”

“Ukafanya nini ulipogongewa?”

Chenge alitazama mikono yake. “Niliwaambia mbwa wanyamaze.”

“Hukufungua.”

“Wewe ungefungua?”

Odera alimwita askari wa zamu afunge mahabusu, akatoka.

Mtoto wa mdogo wake Bibi Bernadeta aliitwa Pius, mvuvi mrefu mwenye koti lililofupika mikono. Walishuka wote wawili hadi Matete kwa miguu. Mtaa ulinuka tope na samaki. Kila uzio ulikuwa umeanikwa magodoro. Kwenye kalavati, wanaume waliojifunga vitambaa puani walikuwa wakivuta uchafu kwa majembe: mifuko ya plastiki, magunzi, matairi, na mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani, rundo juu ya rundo kama kuni. Uchafu ule haukuwa wa Matete peke yake. Ulishuka kutoka vilimani, na kule vilimani ndiko zilikokuwa kota za polisi. Odera aliona magunzi yale akageuza macho.

Aliyewapokea alikuwa Mihayo, fundi seremala, mtu wa sauti kubwa.

“Pole sana, ndugu yetu. Mwuaji yuko ndani. Sisi mtaa mzima tutakuja mahakamani, hata kama ni kwa miguu. Mtu mmoja na tamaa yake ametuulia mama.”

“Asante,” Pius alisema.

“Sajini mwenyewe alisikia kwa masikio yake. Wamefunga Milongo. Maneno ya mtu anayekufa hayana uongo.”

Odera alikuwa akitazama nyuma ya Mihayo. Nyumba ya fundi ilikuwa bado na tope la kufika magotini, mkewe Justa analichota kwa beseni, mtoto mgongoni. Lakini mlango ulikuwa umekwisha pakwa rangi ya kijani, mbichi bado, inang'aa.

“Umeanza na mlango,” Odera alisema.

“Fundi bila mlango mzuri nani atampa kazi?” Mihayo akacheka, na kicheko kikakatika mapema.

Nyumba ya Bibi Bernadeta ilikuwa hatua chache mbele, karibu na kalavati, pale ambapo mto ukijaa huonekana kabla ya pengine pote. Ukuta mmoja ulikuwa umemeguka. Mlango ulisimama, na kufuli lilikuwa mahali pake, limefungwa.

Odera alichomoa ule ufunguo kwenye fundo la khanga. Ulizunguka, kufuli likafunguka.

“Kumbe arifunga mwenyewe,” Pius alisema.

“Ndiyo.” Odera alisimama na kufuli mkononi. Mtu aliyezolewa na maji kitandani hafungi kufuli kwa nje. Havai buti. Hajifungi khanga mbili, moja kichwani. Bibi huyu aliamka, akavaa, akafunga nyumba yake kama anayekwenda misa, akaondoka kwa miguu yake maji yakiwa bado hayajamshinda. Kutoka hapa hadi getini kwa Chenge ni urefu wa mtaa mzima. Kwa nini ateremke na mto, badala ya kupanda mlimani kulikokuwa na usalama?

Ndani hakukuwa na cha kuokoa. Pius alipapasa nyuma ya mlango, akapapasa chini ya kitanda.

“Mkongojo wake siuoni. Nirimchongea mimi, nikauvarisha pete ya chuma kwa chini, usiriwe na mawe.”

“Hakuwa nao nilipomtoa.”

“Bira mkongojo hakwenda hata chooni.” Pius alikaa kizingitini, akautazama mtaa. “Nikuambie kitu, afande. Sisi kisiwani mtu akikohoa nje unatoka. Hapa nimefika arfajiri, nimepiga hodi nyumba hii, nimepiga ire, naurizia kwa mama mkubwa. Nasikia watu ndani wananong'ona. Hakuna anayetoka. Mji gani huu, mirango yote wamefunga.”

Odera aligeuka polepole.

“Umesema wamefunga nini?”

“Mirango.”

“Mirongo?”

“Mto utafungwaje, afande? Mirango. Ya nyumba. Hii hapa.” Pius aliugonga mlango kwa kiganja. “Sisi Wakerewe R na L tunazichanganya, mnatucheka kira siku. Mama mkubwa arikuwa kunishinda mimi, na arikuwa kibogoyo.”

Odera aliegemea ukuta, na udongo mbichi ukamchafua sare. Kwao Shirati R ni R na L ni L, na sikio lake alikuwa akilisifia kwa wenzake. Bibi kizee asiye na jino, kinywa kimejaa maji, meno ya aliyembeba nayo yanatetemeka kwa baridi. Wamefunga mirango. Yeye akasikia mto, kwa sababu mto ulikuwa mbele yake, na ukuta wa tajiri ulikuwa mbele yake, na mtu akishajua jibu halisikilizi tena swali.

“Wame,” alijisemea. Si Chenge na mafundi wake.

Alitoka akaanza na mlango wa jirani. Matete milango mingi ni ya mbao iliyovalishwa bati la madebe, na bati lina kumbukumbu. Alichuchumaa. Chini, usawa wa goti, kulikuwa na vibonyeo vitatu vinne, vya mviringo, kama mtu aliyebandika mdomo wa chupa kwenye udongo. Akaenda mlango wa pili. Vipo. Akavuka upande wa pili wa njia. Vipo, usawa ule ule. Watu walianza kusimama na majembe yao, hakuna anayeuliza Sajini anatafuta nini.

Kwenye mlango wa kijani alipitisha kidole chini ya rangi mbichi. Kidole kikazama, kikatoka, kikazama tena. Rangi huficha rangi, haifichi shimo.

“Magogo hayo,” Mihayo alisema nyuma yake. “Mafuriko yalikuja na magogo, afande.”

“Gogo hili lilikuwa na adabu. Limepiga hodi kila nyumba, mahali pale pale.”

“Basi labda watoto.”

“Mihayo, uliusugua mlango kabla ya kupaka?”

“Niliusugua.”

“Ukaviona.”

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali.

“Mwache huyo,” Justa alisema. Alikuwa ametua beseni. “Niulize mimi.”

“Justa, mama, ingia ndani,” Mihayo alisema.

“Niingie wapi? Ndani kuna tope.” Alimgeukia Odera. “Aligonga kwetu. Wa kwanza sisi. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji kila asubuhi, nisijue mlio wa mkongojo wake?”

“Alisema neno?”

“Alisema, maji. Maji, jamani, maji. Basi.”

“Mkaelewaje?”

Justa alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, na Odera akatamani asingemtazama.

“Tulielewa kama ulivyotuelewesha.”

Watu wa majembe walikuwa wamesogea. Justa alisema pole pole, kama anayemsomea mtoto.

“Ule mkutano wa sungusungu, uwanja wa shule. Umesahau? Ulisimama juu ya benchi. Ukasema majambazi wana ujanja mpya. Wanamtuma mwanamke au kizee agonge alfajiri, aombe maji ya kunywa. Ukifungua, wenyewe wako nyuma yake na mapanga. Ukasema, ukisikia mtu analia maji, maji, tia komeo. Ukasema hata kama ni sauti ya mama yako mzazi, usifungue mpaka kuche. Tulikupigia makofi.”

Odera alikumbuka makofi. Alikumbuka na benchi.

“Niliamka nikashika komeo,” Justa aliendelea. “Nikamwambia huyu, ni bibi, ana kiu. Huyu akaniambia, Sajini amesema hata mama mzazi. Nikaliachia komeo nikarudi kitandani. Tukamsikia anakwenda kwa jirani. Ngo, ngo. Maji, maji. Anakwenda kwa mwingine. Kila nyumba tulisikia, na kila nyumba walisikia. Lakini usingizi ulikuwa umekwisha. Ndiyo maana maji yalipoingia tulikuwa macho, tukawainua watoto juu ya makabati, wengine darini. Matete hakuna mtoto aliyekufa, afande. Juu kule kwa wenzetu wamekufa. Ulijiuliza ni kwa nini?”

Hakuwa amejiuliza. Kwenye taarifa yake alikuwa ameandika kwamba ni bahati ya Mungu.

Pius alikuwa amesimama na rozari ya marehemu mkononi. Alisema kwa sauti ndogo:

“Kwa hiyo hakuwa anaomba maji. Arikuwa anawaretea habari yake.”

Mihayo aliketi kwenye tope, fundi mzima na suruali yake ya kazi.

“Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote juu ya Chenge,” alisema. “Niliona nikinyamaza mimi, mlango utasema.” Kisha akamwinulia Odera macho. “Utatufanya nini?”

Odera alikuwa amekwisha ondoka. Alifuata milango hadi mwisho, mmoja baada ya mwingine, na yote ilikuwa na alama, hata ule wa mwenyekiti wa mtaa. Getini kwa Chenge bati lilikuwa limebonyea kwa nguvu kuliko pengine pote. Ule ukuta mrefu uliziba njia ya kupandia mlimani. Kutoka hapo bibi hakuwa na pa kwenda ila kurudi alikotoka, na alikotoka maji yalikuwa yakija. Odera alifukua mapanki na plastiki zilizokabwa kwenye nondo. Mkongojo ulikuwa humo, umepenya katikati ya nondo mbili, pete ya chuma imeelekea ndani, kwa Chenge. Aliuvuta, akaufuta kwa kofia yake, akampa Pius.

Afande Maige alikuwa anavaa koti aende nyumbani kula.

“Afande, maelezo yangu yana kosa.”

“Kosa gani?”

“La herufi. Hakusema Mirongo. Alisema milango. Kikerewe chake.”

“Milongo, milango.” Maige alirudi akakaa. “Mtu amekufa, ukuta upo. Tofauti iko wapi?”

“Tofauti ni Chenge kwenda jela kwa neno ambalo marehemu hakulisema.”

“Ukuta wake si uligeuza maji?”

“Uligeuza. Na washitaki kwa ukuta wapo, waende manispaa, nitakuwa shahidi wao wa kwanza. Lakini kwa neno hili sitaapa.” Odera alimweleza yote: kufuli, buti, alama za mkongojo, kile kilio cha maji, maji. Maige alisikiliza bila kula andazi lililobaki.

“Kwa hiyo milango ilifungwa na nani?”

“Na mtaa mzima, afande.”

“Mtaa mzima hauingii kizimbani. Kwa nini walifunga?”

“Waliagizwa.”

“Na nani?”

Odera aliivuta karatasi ya maelezo ya nyongeza, akakaa, akaandika. Alipomaliza aliigeuza kuelekea upande wa mkubwa wake. Maige alisoma mstari wa mwisho, akausoma tena, akavua miwani.

“Odera. Ule ujanja wa majambazi ulikuwa wa kweli. Kule Kisesa waliingia nyumba hivyo hivyo. Ulifanya kazi yako.”

“Ndiyo, afande.”

“Hakuna kifungu cha kukushitaki kwa hili.”

“Najua. Ningekipata ningekuonyesha.”

Maige alitafuta kalamu, akaandika chini ya karatasi kwamba mtuhumiwa aachiwe, akapiga muhuri. Hakusema tena Milongo.

Chenge alipewa mkanda wake kaunta. Alivaa ndala zake taratibu.

“Kwa hiyo nimeshinda?”

“Hujashinda,” Odera alisema. “Umejiunga na sisi tu.”

Chenge alifunga mkanda tundu la ndani zaidi. “Ule ukuta nitaurudisha nyuma. Niliupima kiangazi, mto ukiwa umelala, nikadhani ardhi haina mwenyewe.” Alifika mlangoni akasita. “Na yale matete waliyong'oa watu kujengea, nitayapanda tena ukingoni. Siwezi tena kumfungulia bibi geti, basi.”

Adhuhuri Odera alirudi Matete na kumwomba mwenyekiti awaite watu. Walikuja na majembe yao mikononi. Hapakuwa na benchi. Alisimama kwenye tope kama wao.

“Kwenye ule mkutano niliwaambia neno,” alisema. “Nalifuta. Filimbi ya sungusungu ni ya mwizi, ibaki ya mwizi. Maji yapewe sauti yake. Litundikwe debe pale kwa Bibi Bernadeta, ndiko mto unakoonekana kwanza. Msimu wa mvua tugawane zamu ya kukaa hapo. Debe likilia, hakuna komeo. Kila mtu afungue na agonge kwa mwenzake, mbio mlimani. Na kalavati hii isafishwe kabla ya mvua, si baada. Sisi wa juu tunawatupia taka, nitaanza na kota zetu.”

Mzee mmoja aliuliza, “Na debe likipigwa na jambazi?”

“Basi tutaibiwa,” Justa alisema. “Sufuria zinanunuliwa.”

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mihayo alileta debe na waya, akalitundika kwenye boriti ya mlango wa marehemu. Pius alitazama, akakubali kwa kichwa, kisha akamwachia Justa lile kufuli, ufunguo ukiwa ndani yake.

“Mimi nyumba siirudii,” alimwambia. “Ikae wazi hivyo hivyo.”

Alifunga mkongojo pamoja na khanga, akaelekea bandarini kuwahi meli ya Ukerewe. Meli ilipong'oa nanga, Mama Princess aliniambia, Pius alikuwa amelala juu ya gunia la mihogo, mkongojo kifuani. Mabaharia ndio waliosimulia. Kwa Mihayo nao walilala mchana kweupe, baba, mama na mtoto, juu ya meza ya useremala, kwa kuwa chini palikuwa bado panateleza. Na Chenge, mbwa wake wenyewe walimkuta amesinzia getini.

Odera alifika kota jua likiwa bado juu. Mkewe Aloo alikuwa akimlaza Princess kwenye mkeka. Alimwona mumewe na matope yake, hakuuliza, akamwekea maji ya kunawa na ugali. Ugali hakuugusa. Alisimulia akiwa amesimama, sentensi chache chache, akaishia kwenye benchi.

“Hukujua, Baba Princess,” Aloo alisema.

“Nilijua kusema vizuri. Hicho ndicho nilichojua.”

Alijitupa kitandani na sare. Macho hayakufunga. Wingu lilikuwa linapanda tena kutoka ziwani, na matone ya kwanza yakaanza kulia kwenye bati. Aloo alijilaza kando ya mtoto, akapitiwa na usingizi.

Hapo mlango ukagongwa.

“Hodi humu. Samahani jamani, naomba maji.”

Sauti ya mwanamke, ya mtu mzima. Aloo aliamka, na kabla hajainua kichwa mumewe alikuwa amekwisha fika mlangoni. Hakuuliza nani. Hakuchungulia. Komeo lililia, mlango ukafunguka wote hadi ukutani. Alikuwa mama mmoja mwenye beseni la dagaa kichwani, ametembea kutoka mwaloni, kwenye soko la samaki, jasho na mvua vimechanganyika usoni.

“Shikamoo, mama,” Odera alisema.

“Marahaba, mwanangu. Ni ya kunywa tu.”

Alimletea kwenye kikombe kikubwa, akamshikia beseni anywe kwa raha. Mama yule alikunywa chote, akashukuru, akaomba na cha pili, akapewa. Alipoondoka, Odera aliendelea kusimama pale mpaka alipomwona amefika barabarani.

“Funga, mvua inaingia,” Aloo alisema kutoka mkekani.

Hakufunga. Aliweka jiwe chini ya mlango usijirudishe, akarudi kitandani, akageukia upande wa mlango. Aloo alimtazama akisikiliza bati, akisikiliza na nyuma ya bati, kule bondeni. Debe halikulia. Mkewe alirudi usingizini, na baada ya muda, mvua ikipiga hadi kizingitini, naye akalala.